Maji Magumu ya Bomba Dodoma: Namna ya Kuyapima, Kuyafanya Salama na Kuyatumia Nyumbani

Mtu anayehamia Dodoma kutoka mahali penye maji laini ya chemchemi za mlimani huiona tofauti katika siku za mwanzo kabisa: sabuni ya mche haitoi povu kwa urahisi, birika linajenga gamba jeupe ndani yake, na chai inatanda utando mwembamba juu. Wengi hufikia hukumu ya haraka kwamba maji hayo ni mabaya kwa afya, wakaanza kununua maji ya chupa ya kunywa, huku tangi la nyumbani, ambalo ndilo hasa linaloweza kuwaletea maradhi, likikaa mwaka mzima bila kusafishwa.

Mwongozo huu umeandikwa ili kuyatenganisha mambo hayo mawili. Ugumu wa maji ni wingi wa kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka ndani yake. Unaharibu vyombo, unakula sabuni na kuchelewesha mapishi, lakini Shirika la Afya Duniani halijauwekea kikomo kwa sababu za kiafya, na mwili wenyewe unayahitaji madini hayo. Usalama wa maji ni suala la vijidudu, nitrati, floraidi na chumvi nyingine, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kujulikana kwa kulitazama gamba la birika. Anayechanganya mambo haya hutumia fedha nyingi kwa tatizo dogo na kuliacha kubwa.

Hatua ya kwanza: fahamu maji yako yanatoka wapi

Kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dodoma imetoka katika visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora kaskazini mwa jiji, eneo ambalo pia lina kituo cha utafiti wa zabibu. Maji hayo hukaa ndani ya miamba ya granaiti iliyochakaa chini ya ardhi. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kiasi kikubwa cha mvua hiyo hurudi angani kwa mvuke kabla hakijazama, kikiacha chumvi zake kwenye udongo. Kumbukumbu za kina cha maji katika bonde hilo, zilizowekwa kwa zaidi ya nusu karne, zimeonyesha kwamba halijazwi sawasawa kila mwaka, bali hutegemea zaidi misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida. Maji yanayokaa ardhini muda mrefu namna hiyo, katika nchi yenye jua kali, hayana budi kutoka na madini mengi.

Hata hivyo, usidhani kwamba kila bomba la jiji linaleta maji yale yale. Visima vingine vimechimbwa pembezoni, kama vile Nzuguni, na zipo nyumba nyingi zinazotumia kisima cha mwenye nyumba au maji ya kununua kwa boza. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana. Kwa hiyo uliza mambo manne kwenye ofisi ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma (DUWASA) inayohudumia mtaa wako, au kwa mwenye kisima: maji yanatoka chanzo kipi, je, huchanganywa na ya chanzo kingine, je, hutiwa klorini, na yalipimwa mara ya mwisho lini. Kwa kisima cha binafsi ongeza swali la tano, ambalo ndilo zito kuliko yote: umbali wake kutoka choo cha shimo au karo la maji taka, likiwemo la jirani.

Hatua ya pili: pima ugumu kwa sabuni

Jaribio hili halihitaji kifaa cha kununua. Tafuta chupa tatu za plastiki zinazong'aa, za ukubwa mmoja na zenye vifuniko, uzisuuze vizuri hadi zisibaki na harufu ya kitu chochote. Kwangua sabuni ya mche kiasi cha kijiko kimoja, uiyeyushe katika kikombe cha maji ya mvua yaliyopashwa moto, kisha uiache ipoe. Ni muhimu iwe sabuni ya mche ya kawaida, kwa sababu sabuni ya unga na ile ya maji ya kuoshea vyombo zimetengenezwa ili zitoe povu hata katika maji magumu, nazo zitakupa jibu la uongo.

Katika chupa ya kwanza tia nusu kikombe cha maji ya mvua. Kama ni kiangazi na huna maji ya mvua, kinga matone yanayoganda chini ya mfuniko wa sufuria inayochemka, kwa kuwa mvuke haubebi madini. Ukipata kidogo tu, basi punguza kipimo cha chupa zote tatu kiwe sawa. Katika chupa ya pili tia kiasi hicho hicho cha maji ya bomba. Katika chupa ya tatu tia maji ya bomba yaliyochemshwa kwa dakika kumi, yakapoa, yakatulia, kisha yakamiminwa taratibu ili mashapo meupe yabaki chini ya sufuria. Ongeza sabuni uliyoyeyusha, tone kwa tone, ukitikisa chupa kila baada ya matone machache, na uhesabu matone hadi povu liweze kukaa juu ya maji kwa dakika nzima bila kuvunjika.

Tofauti kati ya chupa ya kwanza na ya pili ndiyo ugumu wa maji yako. Ikiwa bomba lilihitaji matone mara nyingi zaidi ya mvua, na maji yakawa kama yaliyotiwa maziwa yenye chembechembe, maji ni magumu sana. Chupa ya tatu ina habari muhimu zaidi, nayo ndiyo ambayo watu wengi hawaifikii. Kama ilihitaji matone machache kuliko ya pili, basi sehemu ya ugumu wako ni ya muda, yaani kalsiamu na magnesiamu zilizofungamana na bikaboneti, ambazo joto huzigeuza kuwa chokaa na kuziangusha chini. Kama ilihitaji karibu matone yale yale, ugumu wako ni wa kudumu, umefungamana na salfeti au kloridi, na hutauondoa kwa kuni, mkaa wala gesi, hata ukichemsha kutwa. Jibu hilo moja litakuokoa na gharama ya nishati isiyo na faida.

Hatua ya tatu: peleka sampuli maabara, na ujifunze kulisoma jibu

Sabuni haioni nitrati, floraidi wala vijidudu. Kwa hayo unahitaji maabara, na Dodoma ina bahati kwamba zipo karibu: maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wanaotumia maji ya mtandao wa jiji wanaweza kuanza kwa kuomba kuona vipimo vya mamlaka ya maji. Wanaotumia kisima cha binafsi wapime wenyewe, tena kabla ya kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita ikiwezekana.

Chukua chupa kutoka maabara yenyewe. Ya kupimia vijidudu huwa imetakaswa na huwa na dawa ya kuzuia klorini isiendelee kuua vijidudu njiani, kwa hiyo usiisuuze wala usiguse mdomo wake kwa vidole. Chukua maji kwenye bomba linalotoka moja kwa moja barabarani kabla hayajaingia kwenye tangi, baada ya kuyaacha yatiririke dakika mbili au tatu ndani ya ndoo. Kisha, kama uwezo unaruhusu, chukua sampuli ya pili kwenye bomba la jikoni linalotoka tangini. Ukiona ya kwanza ni safi na ya pili ina vijidudu, umeshajua mhusika ni nani. Weka sampuli kwenye boksi lenye barafu na uzifikishe maabara ndani ya saa sita.

Omba vipimo hivi kwa majina: ugumu wa jumla, kalsiamu, magnesiamu, kloridi, nitrati, floraidi, jumla ya chumvi zilizoyeyuka, na bakteria wa kinyesi aina ya E. coli. Ugumu huandikwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita. Chini ya 60 ni maji laini, 61 hadi 120 ugumu wa wastani, 121 hadi 180 magumu, na zaidi ya 180 magumu sana. Ikiwa karatasi inaonyesha kalsiamu na magnesiamu peke yake, zidisha kalsiamu kwa 2.5 na magnesiamu kwa 4.1, kisha jumlisha. Kwa mfano, kalsiamu 80 na magnesiamu 30 hutoa 200 na 123, yaani ugumu wa 323. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa kinaruhusu ugumu wa hadi 300 kwa maji yaliyosafishwa mtamboni na hadi 600 kwa maji ya asili yasiyopitia usafishaji huo, kwa hiyo namba inayotisha machoni inaweza kuwa bado ndani ya ruhusa.

Kwenye nitrati, tafadhali soma polepole. Kiwango hicho cha Afrika Mashariki kinaruhusu miligramu 45 kwa lita, lakini baadhi ya maabara huandika nitrati nzima na nyingine huandika naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Naitrojeni ya miligramu 10 ni sawa na nitrati ya miligramu 44 hivi. Mtu akisoma "18" akadhani ni nitrati atalala kwa amani, kumbe kama ni naitrojeni, maji yake yana nitrati karibu 80. Mwulize mtaalamu wa maabara ni ipi kabla hujaondoka dirishani. Nitrati hutoka kwenye vyoo, mazizi na mbolea, na katika mji uliozungukwa na mashamba na mifugo, wenye vyoo vingi vya shimo na maji taka yanayozama ardhini, visima vifupi vya mitaani viko katika hatari hasa. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayenywa maziwa ya kopo, nitrati nyingi huzuia damu kubeba oksijeni, na kuyachemsha maji hayo huzidisha madhara kwa sababu maji hupungua huku nitrati ikibaki. Maji ya namna hiyo asipewe mtoto kabisa, hata kama ni matamu na yanang'aa.

Floraidi haitakiwi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita. Tatizo lake linajulikana zaidi Arusha, Manyara na Singida, lakini kisima kipya popote Kanda ya Kati kinastahili kupimwa. Nayo pia haiondoki kwa kuchemsha.

Neno moja kuhusu wauzaji wa mitambo. Kile kijiti cha kidijitali kinachoonyesha namba mara kinapotumbukizwa kwenye glasi hupima jumla ya chumvi zilizoyeyuka tu. Hakitofautishi kalsiamu na nitrati, wala hakioni kijidudu. Na ukionyeshwa kifaa cha umeme chenye vijiti vya chuma kinachoyageuza maji yako kuwa ya kahawia, ujue kwamba unachokiona ni kutu ya vijiti vyenyewe, ambayo hutokea katika maji yoyote yenye madini. Usitoe fedha kwa ushahidi wa aina hiyo.

Hatua ya nne: shughulikia usalama kabla ya ugumu

Maji ya mgao yana hatari yake. Bomba linapokauka, shinikizo hushuka, na pale lilipopasuka linaweza kufyonza maji machafu ya mtaroni. Maji yanaporudi, yaache ya mwanzo yatiririke kwenye ndoo hadi yawe maangavu, uyatumie kwa choo au kupigia deki, ndipo ufungue njia ya tangi.

Safisha tangi angalau mara mbili kwa mwaka, na wakati mzuri ni kabla ya mvua za Desemba na tena zinapokwisha. Limwage, sugua kuta na sakafu yake kwa brashi ngumu, ondoa tope la chokaa lililokaa chini, suuza, kisha lijaze maji na utie dawa ya klorini ya maji isiyo na manukato. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, lita moja na nusu inatosha tangi la lita 1,000. Fungua kila bomba la ndani hadi unuse klorini, uache kwa saa nne au zaidi, kisha umwage yote mahali pasipo na mimea na usuuze tena. Hakikisha mfuniko unafunga na tundu la hewa lina wavu. Usichanganye kamwe dawa hii na siki au kitu kingine chenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu walau dakika moja, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko na kusubiri dakika 30. Yahifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba, ili mkono na kikombe visiingie ndani.

Hatua ya tano: punguza ugumu pale tu unapokugharimu

Sioni sababu ya kulainisha maji yote ya nyumba. Maji ya choo, ya kupigia deki na hata ya kunywa hayahitaji ulaini. Sehemu zenye hasara ya kweli ni jiko, nguo na hita.

Jikoni, kama jaribio lako lilionyesha ugumu wa muda, maji yaliyochemshwa na kutulizwa usiku kucha yatatoa chai nzuri na kuivisha maharage mapema zaidi. Kalsiamu hukaza ganda la maharage, ndiyo maana yakichemshwa kwa maji magumu hukaa motoni muda mrefu. Yaloweke tangu jana yake katika maji ya mvua, au katika maji yaliyotiwa chumvi kidogo ya mezani, kisha uyamwage maji hayo kabla ya kupika. Mazoea ya kutia magadi ya mawe ili maharage yaive upesi nayapinga kwa moyo wote: magadi yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floraidi, na baadhi yake nyingi mno, na mtoto anayekula chakula hicho kila siku huipata hata kama maji ya nyumbani kwao ni salama.

Birika lisafishwe mara gamba linapoonekana, kabla halijawa nene. Tia siki na maji nusu kwa nusu, pasha moto bila kuchemsha, acha saa moja, kisha usuuze mara mbili. Juisi ya ndimu au limau hufanya kazi ile ile polepole zaidi. Gamba nene huzuia joto lisitoke kwenye koili kwenda kwenye maji, na koili ikizidiwa na joto huungua. Kwa sababu hiyo hiyo, hita ya maji ya kuoga isiwekwe zaidi ya nyuzi 60, kwa kuwa chokaa huanguka kwa kasi kadiri joto linavyopanda.

Kwa nguo, njia nafuu ni kutumia sabuni ya unga badala ya sabuni ya mche, au kutanguliza magadi laini ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, kwenye beseni: koroga, subiri maji yachafuke na kutulia, ndipo utie sabuni. Vaa glavu, na usuuze nguo kwa maji mengi.

Mashine ya kulainisha maji kwa chumvi hubadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu. Maji yenye ugumu wa 300 yakipita humo hutoka na sodiamu ya ziada ya takriban miligramu 138 kwa lita, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa apunguze chumvi, na mtoto mchanga, wawekewe bomba lisilopitia mashine. Mtambo wa kuchuja kwa utando mwembamba huondoa karibu kila kitu, zikiwemo nitrati na floraidi, lakini humwaga maji kadhaa kwa kila lita moja unayokunywa. Katika jiji kavu lenye mgao, ninaushauri pale tu ambapo kipimo cha maabara kimeonyesha nitrati au floraidi iliyozidi. Chujio la udongo, la mkaa, shabu na vifaa vya sumaku haviondoi ugumu.

Hatua ya sita: kinga mvua

Mvua ndiyo maji laini yasiyolipiwa ankara. Paa la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 570 na upotevu wa sehemu moja kwa tano, huleta zaidi ya lita 18,000 kwa msimu. Tangi la lita 2,000 halitayabeba yote, lakini hujaa mara nyingi kati ya Desemba na Aprili, na kinachobaki mwisho wa mvua kinaweza kutengwa kwa ajili ya kufulia nguo nyeupe, kuogesha watoto na kulowekea maharage. Achilia mvua ya kwanza ioshe paa kabla ya kuelekeza mfereji kwenye tangi, na kama utayanywa maji hayo, yachemshe kama mengine.

Hatua ya saba: angalia bustani na mizabibu

Kwa mboga na zabibu za nyumbani, ugumu wenyewe hausumbui sana. Kinachoumiza ni sodiamu na kloridi, ambazo huunguza kingo za majani. Mwagilia kwenye shina wakati wa jioni, kwa wingi na kwa nafasi, ili chumvi zishuke chini ya mizizi badala ya kurundikana juu kwa maji kidogo ya kila siku. Maji yaliyopita kwenye mashine ya chumvi yasiende bustanini kabisa. Matundu ya mipira ya umwagiliaji wa matone huziba kwa chokaa. Yafungue kila msimu na kuyaloweka katika siki.

Rudia jaribio la sabuni mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi, na urudie kipimo cha maabara kila mwaka kwa kisima cha binafsi, au wakati wowote maji yanapobadilika ladha, rangi au harufu, jirani anapochimba choo kipya, au mtaa unapounganishwa na chanzo kingine. Kwa maji ya mtandao, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye mamlaka ya maji, ukiambatanisha karatasi ya vipimo na tarehe ya sampuli. Usipojibiwa, mlango unaofuata ni EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji.